Nilisema Nimesikia

Tulipanda ngazi watu watatu: sheikh mbele, mimi nyuma yake, na shahidi wa pili nyuma yangu. Nyumba ilikuwa Aston, mojawapo ya zile zilizojengwa mstari mmoja ukuta kwa ukuta, na ngazi zake zilikuwa nyembamba hata sheikh akawa anashika kanzu kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono wa pili. Ilikuwa Jumamosi, na aliyechagua siku hakukumbuka mpira. Uwanja uko karibu na pale, na kila baada ya dakika chache kelele za watu zilikuja zikatikisa vioo vya madirisha. Katika kelele hizo tulikuwa tunakwenda kumuuliza mwanamke kama amekubali kuolewa.

Bibi harusi alikuwa binti wa rafiki yangu. Rafiki yangu alikuwa amekufa miaka mitatu kabla ya siku ile. Tulifanya kazi pamoja zaidi ya miaka ishirini, katika kiwanda cha kupondea vyuma, na alipolala kitandani mara ya mwisho aliniomba jambo moja tu, nimwangalizie binti yake. Nikamwahidi. Binti mwenyewe aliolewa London, akaachika, akarudi kwa kaka yake Birmingham. Kaka ndiye aliyekuwa walii wake, na kaka ndiye aliyemtafutia mume huyu wa pili, mtu mzima mwenye nyumba kubwa Sutton Coldfield na mama mgonjwa ndani yake.

Juu ya ngazi sheikh alisimama, akavuta pumzi, akatukumbusha sheria. "Huyu si mwanamwali, kwa hiyo kunyamaza kwake hakutoshi," alisema. "Lazima atamke kwa kinywa chake, na nyinyi msikie."

Mlango ulikuwa wazi nusu, na khanga imetundikwa katikati. Kupitia upenyoni nilimwona bibi harusi amekaa kitandani, amefunikwa shela, na wanawake wamemzunguka, mke wangu akiwa mmoja wao. Sheikh akamuuliza, kwa jina lake na jina la bwana harusi na mahari yake. Nilitega sikio. Uwanjani watu wakapiga kelele. Shela ilicheza kidogo, au niliona hivyo, kisha kigelegele kikapigwa na wanawake wote wakakidaka. Sheikh akatugeukia.

"Mmesikia?"

Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa kwa umri, nikajibu kwanza. "Tumesikia." Shahidi wa pili akasema tumesikia. Tukashuka, ndoa ikafungwa, nikatia sahihi, nikala biriani sahani mbili.

Sikuwa nimesikia kitu.

Mtu anayenijua akisoma haya hataamini, kwa sababu mimi ni mtu wa kushuku. Maziwa nayanusa hata kama tarehe yake bado. Fundi wa gesi akija kwangu atasimama barazani mpaka nipige simu kwao kuuliza kama kweli wamemtuma. Marehemu rafiki yangu alikuwa akinicheka kiwandani, akisema mimi nikiambiwa mvua inanyesha lazima nitoe mkono nje kwanza. Sasa mtu kama huyo ndiye aliyesimama mbele ya sheikh akatoa ushahidi wa jambo asilolijua. Naona haya hata leo kuandika.

Sababu ni kwamba wakati ule sikuwa nimekubali kuwa masikio yangu yana kasoro. Nilikuwa na maelezo mengine. Niliona kwamba watu wameanza kunong'ona. Mke wangu na binti yetu wakiwa jikoni, sauti zilikuwa chini, zinakuja na kuondoka, na nikiingia naona wananyamaza. Msikitini, watu waliokuwa wakizungumza kama watu wazima walianza kuzungumza kama wezi. Nilijiuliza nimewakosea nini. Binti yangu, aliyezaliwa pale pale mjini, akiniambia jambo kwa Kiingereza chake cha haraka, nilishuku anafanya makusudi nisielewe. Yeye akaanza kulalamika kuhusu televisheni. "Dad, volume," alikuwa akisema, huku ameziba masikio kwa vidole. Hilo nalo nililiona ni utovu wa adabu tu.

Wiki chache baada ya harusi nilimkuta binti wa rafiki yangu barabara ya Alum Rock, mbele ya duka tunalonunua kisamvu cha barafu. Alikuwa amebeba mifuko miwili na amekonda. Aliiweka chini, akaniamkia kwa heshima kama alivyofundishwa na baba yake. Nikamuuliza, huko Sutton umeshazoea? Akanijibu. Midomo yake ilikwenda kwa muda mrefu kuliko jibu la adabu linavyohitaji, na mabasi yakawa yanapita. Nikatabasamu, nikatikisa kichwa, nikasema alhamdulillahi. Alinitazama vile mtu anavyolitazama basi lililompita kituoni bila kusimama. Kisha akainama kuokota mifuko yake, akaenda.

Usiku ule sikula vizuri. Nilianza kushuku, na safari hii nilikuwa na haki. Kwa nini amekonda? Kwa nini kaka yake aliharakisha harusi hivyo? Kwa nini yule shahidi wa pili, ambaye baadaye niligundua ni binamu wa bwana harusi, alichaguliwa yeye na si mtu mwingine? Nilijiambia kwamba yule kijana alijua anachofanya, kwamba alipangwa aje aitikie. Nilimshuku kila mtu aliyekuwa ndani ya nyumba ile. Ilinichukua siku nyingi kufika kwa mtu wa mwisho aliyebaki, ambaye ni mimi.

Nikaenda hospitali kupimwa, bila kumwambia mtu. Walinifungia kwenye chumba kidogo kisicho na sauti, wakanivisha vidude vya masikioni, wakanipa kitufe cha kubonyeza kila nikisikia mlio. Nilibonyeza hata pale nilipodhani kuna mlio, nisije nikaonekana mjinga. Mama aliyenipima hakudanganyika. Akanionyesha mstari kwenye karatasi unaoteremka upande wa kulia, akaniambia usikivu wangu umepungua kidogo tu, si kwa kiasi kikubwa, lakini unapungua palepale zilipo sauti nyembamba: sauti za wanawake, sauti za watoto, na mtu anayesema taratibu. Akaniuliza nilifanya kazi gani. Nilipomwambia, akaguna. Kiwandani tulipewa vizibo vya masikio, na sote tulivitia mfukoni.

Wangenipa mashine ya sikio bila malipo, ila ilikuwa ile inayokaa nyuma ya sikio na mrija wake unaingia ndani, na foleni ya kuipata ilikuwa ndefu. Nilimshukuru, nikakataa. Mimi navaa kofia. Mtu wa kofia masikio yake yako nje kama vishikio vya sufuria, na saa tunapochukua udhu tunakaa mstari mmoja tunapitisha vidole vyenye maji nyuma ya masikio hayo hayo. Msikiti mzima ungejua kwa siku moja. Na wakijua mimi sisikii, mtu angekaa akahesabu tangu lini.

Basi niliona tangazo kwenye gazeti la Jumapili. Mashine ndogo, inaingia yote sikioni, haionekani, bei ya kawaida tu, kwa watu ambao usikivu wao umepungua kidogo, na rangi yake ni rangi ya ngozi. Nilisoma tangazo lile mara tano nikitafuta udanganyifu. Kitu kizuri kwa bei ile, mwenye duka anafaidi nini? Lakini niliagiza, na nilipoifungua nikaupata udanganyifu wangu. Ilikuwa rangi ya ngozi kweli, ngozi ya Mwingereza aliyetoka kuoga maji ya moto. Katika sikio langu mimi iling'ara kama taa ya gari.

Nilifikiri siku mbili, nikapata dawa. Mke wangu ana kichupa cha wanja kutoka nyumbani, mweusi tititi, unaoshika. Nikauiba kidogo kidogo, nikaipaka ile mashine kwa kijiti cha kiberiti mpaka ikawa nyeusi kuliko mimi. Nikajitazama kwenye kioo upande huu na upande huu. Haikuonekana. Nikatoka kwenda mjini nikijiona mjanja.

Jambo la kwanza nililolisikia lilikuwa kanzu yangu mwenyewe. Sikujua kanzu ina sauti. Kisha gazeti, kisha nyayo zangu, kisha maji ya bomba ambayo yalinishtua nikadhani bomba limepasuka. Nyumbani nilikaa sebuleni nikajifanya nasoma, sikio limeelekea jikoni, nipate hatimaye kusikia wanachonisengenya. Mke wangu na binti yetu walizungumza karibu saa nzima. Walizungumza habari za bamia, na mapazia, na mwalimu mmoja mwenye kiatu kibovu. Jina langu halikutajwa hata mara moja. Nitasema kweli, niliumia.

Msikitini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Nikisujudu, mkono ukikaribia sikio, mashine ilipiga mluzi. Baada ya sala sheikh alizungumza kwa ukali kuhusu watu wanaoingia na simu zao za mkononi bila kuzizima. Wote tulitazama mifuko yetu, na mimi nilitazama kwa bidii kuliko wote.

Aliyenigundua ni mke wangu, na hakugundua alichokuwa anatafuta. Asubuhi moja aliniwekea foronya mbele ya chai. Ilikuwa na alama nyeusi. Akaweka na taulo. Akaweka kola ya shati. Mwisho akaweka kile kichupa, kimebaki nusu.

"Unampelekea nani wanja wangu?" aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na niliisikia yote.

Nilikuwa na njia mbili, na ile ya pili ilikuwa kukubali kwamba nina mwanamke. Nikaitoa mashine sikioni nikaiweka juu ya foronya. Aliitazama muda mrefu. Alicheka mpaka akakaa chini, akapangusa macho kwa ncha ya khanga, akasema miaka yote hii alidhani simjibu kwa kiburi. Nami nikairudisha sikioni, nikamwambia lile lingine. Nilimwambia kwamba siku ya harusi ya binti wa rafiki yangu, pale mlangoni, sikusikia chochote. Nikamuuliza, wewe ulikuwa ndani, umekaa karibu naye, alisemaje?

Kicheko kikamtoka usoni. Akaanza kukunja taulo. Alisema kwamba kigelegele kile alikipiga yeye. Alifinywa mkono na mke wa kaka yake binti, akadhani neno limekwisha kusemwa, akapiga. Hakungoja. Alisema aliona baadaye kwamba yule binti hajainua kichwa, lakini akasema moyoni, mume wangu yuko mlangoni, na mume wangu haachi kitu kipite hivi hivi.

Kwa hiyo mke wangu alinitegemea mimi. Sikuweza hata kumkasirikia.

Siku ya pili nilipanda treni stesheni ya Aston kwenda Sutton Coldfield. Mle ndani walikaa watu wa ofisini na magazeti yao, kimya, na mashine ikanisikilizisha kila ukurasa unaofunguliwa. Nilikuwa naogopa. Nilikuwa naogopa atasema aliitikia vizuri tu na mimi ni mzee mwenye wasiwasi, na nilikuwa naogopa zaidi hatasema hivyo.

Alinifungulia mwenyewe. Mumewe alikuwa kazini. Chumba cha chini mama mkwe alikuwa amelala, mlango wazi, ili akiita asikiwe. Binti aliniletea chai na vitumbua, akakaa kwenye ncha ya kiti. Nilimwambia kwamba nina mashine sikioni, yeye akiwa mtu wa pili kuambiwa. Nikamwambia, mwanangu, nimekuja kukuuliza jambo, na ukinijibu nitasikia. Siku ile sheikh alipokuuliza, ulisema nini?

"Sikusema kitu, ami."

Nikamuuliza kama mume anamtesa. Akasema hapana. Hampigi, hamtukani, nyumba haina njaa. Ila hakutaka kuolewa naye na alimwambia kaka yake mara nyingi, na kaka akasema mwanamke aliyekwisha kuachika mara moja asichague sana. Alisema yote hayo akitazama vitumbua.

"Na nilikuambia," akaongeza. "Pale Alum Rock. Nilikuambia sijazoea na sitazoea, nikakuomba uzungumze na kaka. Ukasema alhamdulillahi."

Chai ilinishinda kunywa. Nilitaka kumwambia habari za mabasi, na kiwanda, na ule mstari unaoteremka kwenye karatasi. Nikaona yote hayo ni ya kunisaidia mimi, hayamsaidii yeye. Nikamuuliza tu anataka nini sasa. Akasema anataka aulizwe tena.

Ijumaa ile, baada ya sala, niliwaomba watu watatu wabaki: sheikh, kaka wa binti, na shahidi wa pili. Tulikaa kwenye zulia pembeni. Niliivua mashine mbele yao, nyeusi kwa wanja, nikaiweka kwenye kiganja. "Sheikh," nilisema, "siku ile sikusikia kitu. Nilisema nimesikia, na nilisema uongo."

Nikairudisha sikioni. Kaka wa binti alikuwa mwepesi kujibu. Alisema mzee umechoka, umri umekwenda, umesahau. Alisema kwa upole, na ndiyo ilikuwa hasa ile sauti niliyokuwa nikiikimbia tangu mwanzo, sauti wanayosemeshwa watu waliokwisha kutolewa hesabuni. Nilimwambia kusahau ningelisahau biriani. Sheikh akamgeukia shahidi wa pili, yule binamu wa bwana harusi niliyemshuku majuma mengi. Kijana aliinama. Alisema naye hakusikia, kelele za mpira zilikuwa nyingi, ila aliona mzee ameitika, akaona haya kumkosoa mzee.

 Sheikh akasema naye aliwauliza mashahidi kwa sababu yeye mwenyewe hakupata sauti, akawategemea. Alipangusa uso kwa mikono miwili, akasema twende tukamuulize upya.

Tulirudi katika nyumba ile ile ya Aston katikati ya wiki, hakuna mpira. Bwana harusi aliitwa, akakaa chini sebuleni na koti lake mapajani. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, lakini alikuwa mtu aliyeambiwa kwamba mke amekubali, akaamini. Nilimwonea huruma. Sisi watatu tukapanda ngazi. Mke wangu alikuwa ndani, mikono amekunja, na safari hii hakuna aliyediriki kumfinya.

Sheikh akauliza. Binti akajibu, "Sikubali, na siku ile sikukubali." Alisema kwa sauti ambayo hata sikio langu la kushoto, lisilo na kitu, liliisikia. Sheikh akatugeukia, na sote wawili tukasema tumesikia, na chini sebuleni bwana yule akasimama, akavaa koti lake, akatoka bila ugomvi. Kaka wa binti hakusema nami kwa mwaka mzima.

Binti alikuja kukaa kwetu kwa muda. Jioni ile ile mke wangu alikuwa juu akimtandikia kitanda, na binti alisimama kwenye sinki akiosha vikombe. Nilikuwa na swali lililobaki, nikaogopa likipoa sitaliuliza tena. Nilimuuliza kwa nini siku ile ya kwanza hakupiga kelele. Kwa nini hakusema sikubali, kama alivyosema leo, tukasikia wote?

Alifunga bomba ili nisikie vizuri.

"Kaka alikuwa mle ndani, nyuma ya mlango, niliogopa," alisema. "Lakini nilikuona wewe pale upenyoni. Baba alikuwa akisema wewe ukiambiwa mvua inanyesha unatoa mkono nje kwanza. Nikasema basi, nikinyamaza tu, ami atasema hajasikia."

Akafungua bomba tena, akaendelea na vikombe.